Wapangaji wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa akiwaulizia kila Ijumaa. Akishatoka msikitini, kabla hajavua hata kofia, atanipigia simu au atakuja mwenyewe mpaka kwetu Mwandoni, na swali ni lile lile: "Wapangaji wangu hawajambo?" Mara ya kwanza mama alipolisikia alidhani mdogo wake kanunua nyumba bila kumshauri, akanuna siku mbili. Ikabidi nimweleze kwamba wapangaji ni seli za uvimbe aliotolewa kichwani, na kwamba kwa sasa wanaishi kazini kwangu, upande wa Bamburi, ndani ya chupa bapa za plastiki, kwenye kabati lenye joto sawa na la mwili wa mtu.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo yeye kawafukuza, wewe umewapokea."

"Ndiyo, mama."

"Na wawapa chakula."

"Kila baada ya siku mbili tatu."

"Na mimi nikikuomba chai, umechoka."

Mama amenisomesha kwa vitumbua tangu darasa la kwanza, na mtu aliyekusomesha kwa vitumbua humwambii kwamba seli zikikosa chakula zitakufa, na yeye akikosa chai hatakufa. Niliinuka nikateleka chai.

Mimi ni mtafiti wa maabara. Mama akinijulisha kwa wageni husema "huyu yuafanya kazi na vichwa vya watu", ndiyo maana wageni wengine husita kunipa mkono. Ukweli ni kwamba vichwa sivioni. Nionacho ni chupa, na ndani ya chupa maji mekundu ambayo ni chakula, na chini ya maji hayo, ukitazama kwa darubini, seli zimejinyoosha na kushikana mikono. Seli ya kawaida hugawanyika panapohitajika, kisha ikatulia. Ndani yake mna maagizo, ndiyo hayo tuyaitayo jeni, na baadhi ya maagizo hayo kazi yake ni kusema basi. Yakiharibika mahali pabaya, hata herufi moja tu, seli haisikii tena basi. Huzaa, na watoto wake huzaa, na wajukuu huzaa, mpaka mtu anaanza kudondosha vitu mkononi.

Mjomba alidondosha bisibisi. Yeye ni fundi wa majokofu, ana kibanda chake Kisauni miaka thelathini sasa, na siku hiyo alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mtu mkono wake wa kushoto ulipoanza kucheza peke yake. Akautazama, akauambia utulie. Haukutulia. Alipozinduka alikuwa chini na mwenye friji yuamfukizia kitunguu puani. Wakampiga picha ya kichwa, wakaona uvimbe upande wa kulia, aina ile inayokua polepole, na daktari akautoa. Kabla ya kupasuliwa aliulizwa kama angependa kipande kidogo kiende kwenye utafiti. Kanuni zetu zasema nisijue seli ni za nani. Chupa huja na nambari tu. Lakini mjomba alitia sahihi asubuhi, na kufikia alasiri alikuwa ameshatangaza barazani kwamba nyama ya kichwa chake yaenda kusomeshwa na mwana wa dada yake. Mkuu wetu wa maabara akaniita, akaniuliza kama nitaweza kuzifanyia kazi kwa moyo mtulivu au ampe mtu mwingine. Nikamwambia nitaweza. Nilijibu upesi mno, kama mtu anayeulizwa kama ameshiba ugenini.

Sasa, mjomba ana mtoto mmoja tu, binti, ambaye mimi namwita mdogo wangu. Yuasomesha chekechea, na ana ule utulivu wa watu wanaoshinda na watoto arobaini wanaolia kwa zamu. Alikuwa ameposwa na watu wa Likoni. Kijana mwenyewe mwalimu wa hesabu, mpole, anayekaa kwenye kiti kana kwamba kiti ni cha mtu. Posa ilikuwa imepokewa, na kilichobaki ilikuwa kuweka siku. Kisha mimi nikafungua mdomo.

Ilikuwa arusi ya jirani, upande wa wanawake. Nilikaa karibu na shangazi yake kijana, mwanamke wa heshima zake, bangili mpaka kiwiko, akaniuliza kwa upole kazi yangu ni nini hasa. Mimi nikiulizwa kazi yangu breki hukatika. Nikamweleza habari za seli, nikamweleza habari za uvimbe wa ubongo, nikamwambia yote huanzia kwenye jeni. Akaniuliza, "Jeni si ndiyo ile mtu hurithi kwa baba yake?" Nikasema, "Ndiyo, lakini," na papo hapo sinia la biriani likatua katikati yetu, birika la kunawia likapita, na mazungumzo yakahamia kwenye mbatata, kama zimeiva au hazikuiva. Ile lakini yangu nikaimeza na wali.

Baada ya siku nne wakaja wajumbe kwa mjomba. Wakanywa kahawa, wakasifu kahawa, wakasema wao hawana neno lolote, ila waomba jambo lisubiri kidogo. Kwetu, mtu akikuomba posa isubiri kidogo na hakusema ni kwa nini, ameshasema.

Nilikwenda kumwomba radhi mjomba. Nilimkuta sebuleni, nywele zimeanza kuota juu ya kovu, ametandika gazeti mezani na injini ndogo ya friji iko juu yake tumbo wazi. Nikampa shikamoo, nikalia kidogo, nikamwambia ni mimi. Akaniacha nimalize.

"Mdomo huponza kichwa," akasema. "Lakini wako umeponza changu, nacho kilikuwa kishapasuliwa."

Nikacheka huku ninalia. Yeye hakucheka. Akaifunga ile injini skrubu mbili, akaifungua tena.

"Watu wa Likoni wana haki yao ya kuuliza," akasema. "Mimi mwenyewe nauliza. Wewe ndiye mwenye elimu, niambie kweli. Nimempa mtoto wangu kitu hiki?"

Hilo ndilo lililokuwa swali, na siku hiyo nilijua kwamba kila Ijumaa alipokuwa akiuliza habari za wapangaji alikuwa akilizunguka hilo. Nikamweleza polepole, na safari hii hapakuwa na biriani. Kosa la jeni laweza kuwa limo katika kila seli ya mwili wako, toka ulipotungwa mimba, na la namna hiyo mtu huweza kumrithisha mwanawe. Au laweza kuwa limezuka baadaye, katika seli moja tu ya ubongo, na likabaki kwa seli hiyo na vizazi vyake. La kwanza litaonekana kwenye uvimbe na kwenye damu. La pili litaonekana kwenye uvimbe peke yake. Kesi nyingi za aina yake ni za namna ya pili. Lakini nyingi si zote, na mimi sikutaka kumpa maneno ya kumtuliza kama panadol. Daktari wake alikuwa ameshatuomba tulinganishe. Damu tulikuwa nayo. Kilichohitajika ni seli za uvimbe, safi, nyingi za kutosha kutolewa vinasaba vyake na kusomwa, na kipande tulicholetewa kilikuwa kidogo kama punje mbili za mchele.

"Basi wazaane," mjomba akasema. "Wakiwa kichwani mwangu hawakuhitaji kubembelezwa."

Hiyo ndiyo ajabu ya seli hizi. Kichwani mwa mtu hazisikii basi, ukiziweka kwenye chupa zinadeka. Niliziangalia kila siku. Nilizibadilishia chakula, nilizipunguza zikijaa, nikapata chupa nne na akiba ya vichupa vitatu, kila kimoja kimebeba seli zilizogandishwa, nikavitia kwenye friza ya digrii themanini chini ya sufuri. Kosa langu la pili lilikuwa kumtajia mjomba friza.

"Digrii themanini chini," akasema. "Gesi gani? Ya mwaka gani hiyo? Nani huifanyia huduma?" Jumatatu yake asubuhi nikaitwa langoni, nikamkuta amesimama na kisanduku chake cha vifaa, kanzu imepigwa pasi, anamwambia bawabu kwamba amekuja kuwatazama watu wake. Mkuu wetu, ambaye huogopwa na kila mtu, alimtazama mara moja akasema friza iko kwenye ujia, si chumba cha seli, basi aione. Mjomba akachana kipande cha gazeti, akakibana kwenye mlango wa friza, akakivuta. Kikagoma. Akaendelea hivyo kuzunguka mlango mzima, mpaka kona ya chini, ambapo karatasi ilitoka bila ubishi. "Mpira wa hapa umechoka," akasema. "Wapangaji wangu mmewalaza mlangoni." Akaomba maji ya moto na kitambaa, akaukanda ule mpira mpaka ukarudi umbo lake, akajaribu tena kwa karatasi, ikashika. Friza ile ilikuwa na cheti cha ukaguzi kimebandikwa ubavuni. Mkuu wetu akakisoma kile cheti muda mrefu.

Wiki iliyofuata chupa zangu zote nne ziliharibika. Nilifungua kabati asubuhi nikakuta maji mekundu yamegeuka manjano yenye ukungu. Ukiona hivyo hakuna la kufanya, kuna mdudu ameingia na kula chakula na kuua wenyeji. Nilizitia dawa ya kuua kila kitu, nikazitupa, nikaenda chooni nikatukana kidogo. Kisha nikatoa kichupa cha kwanza cha akiba, nikaanza upya. Siku ya sita, ukungu. Nikatoa cha pili. Siku ya tano, ukungu.

Kikabaki kimoja.

Hapa nikiri tabia yangu. Mimi nikishikwa na hofu huwa hakimu. Nilianza na vumbi la machimbo ya zamani yaliyo jirani nasi, nikaziba nyufa za madirisha kwa gundi mpaka chumba kikawa joto kama tanuri. Nikamhukumu muuzaji wa chakula cha seli. Nikakihukumu kiyoyozi. Mwisho nikamgeukia msaidizi wetu wa maabara, mtu wa bara, mwanamume mtaratibu aliyehamia Changamwe na mkewe miaka kumi iliyopita na mpaka leo asema "kuja hapa" akimaanisha njoo. Huyu alikuwa akiweka maziwa lala kwenye friji ya chumba cha chai. Nikamwambia mbele ya watu kwamba maziwa yake yaliyochacha ndiyo yanayoua seli zangu. Nikabandika karatasi mlangoni: USAFI NI KWA WOTE, HATA WANYWAO MAZIWA.

Alibeba maziwa yake akayanywea nje, amesimama, akitazama ukuta. Siku tatu hatukusemezana ila kwa salamu. Nami wakati huo nilikuwa nikisumbuliwa pande mbili. Mjomba alinipigia Jumatano, siku isiyo yake, akasema kwa sauti ya chini: "Jibu likiwa baya niambie mimi tu. Mtoto asijue." Alhamisi mdogo wangu akaja kazini, akaketi kwenye kibaraza cha bustani, akasema: "Dada, likiwa baya mwambie baba ni zuri. Mimi nitajua la kufanya na langu. Yeye hataweza." Nikawakubalia wote wawili. Haiwezekani kuwakubalia wote wawili, lakini niliwakubalia, nikamwachia Mungu hesabu zake.

Ijumaa msaidizi akaniita kwenye darubini. Alikuwa amehifadhi tone moja la ule ukungu wa mwisho kabla sijautupa.

"Angalia poa," akasema. "Hii si bakteria."

Nikatazama. Vilikuwa viduara, vikubwa kuliko bakteria, na kila kimoja kinaota kiduara kingine kidogo ubavuni. Niliwajua. Mtu yeyote aliyesoma darasani angewajua.

"Hamira," nikasema.

"Hamira," akasema. "Sasa niambie, madam. Asubuhi kabla ukuje kazi, huwa unafanya nini?"

Huwa nafanya nini. Kila alfajiri baada ya sala, toka nikiwa na miaka tisa, mimi ndiye ninayempigia mama unga wa vitumbua. Mchele uliolowekwa ukasagwa, tui, iliki, hamira, ukaumuka usiku kucha; asubuhi hutiwa sukari na kupigwa tena kwa mkono, si kwa mwiko, kwa sababu mama ashikilia kwamba mwiko hauna joto. Unaupiga mpaka bega likuume na mapovu yapande. Kisha mimi hunawa. Wallahi hunawa, mpaka viwiko, kwa sabuni, na kazini hunawa tena na kuvaa glavu na kupuliza spiriti. Nikamwambia hayo yote kwa hasira, kwa sababu sasa mimi ndiye niliyekuwa kizimbani.

Yeye alikuwa akitazama mkono wa dera langu. Huvaa dera nyumbani, nikitoka natia buibui juu, nikifika kazini navua buibui na kuvaa koti jeupe juu ya lile lile dera. Na mikono ya dera, kila mwanamke wa pwani ajua, ni mipana. Huchungulia kwenye koti. Nikiingiza mikono kwenye kabati la hewa safi kufungua chupa, yenyewe hutangulia.

Akachukua kisahani chenye chakula cha vijidudu, akakifunua, akaniambia nikung'ute mkono mmoja juu yake. Nikakung'uta mara tatu. Akakifunika, akaandika tarehe. Jumapili yake tukaja wote wawili, bila kuambiana, kila mmoja akidhani atamwahi mwenzake. Kisahani kilikuwa kimejaa viduara vyeupe, vinono, vimepangana vizuri kabisa. Hata harufu ilikuwa ya jikoni kwa mama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema yule mtu wa bara, kwa Kiswahili safi kisicho na doa, na nadhani alikuwa akiisubiri nafasi hiyo miaka kumi.

Nilibandua ile karatasi mlangoni mwenyewe. Jumatatu nikamletea vitumbua, ishirini, kwenye hotipoti, nikamwomba radhi mbele ya wale wale niliomtukana mbele yao. Akazipokea radhi. Kwa vitumbua akanyoosha kidole mlangoni. "Hivyo viache nje," akasema. Tukavila kibarazani, na alikula tisa.

Mama hakukubali kirahisi. Nilipomwambia hamira yake imeua seli za mdogo wake mara tatu, alisimama na chano mkononi, akaniuliza hamira yake imemkosea nani, kwani ilipokuwa ikilipa karo ya shule mbona haikuwa mdudu. Nikamwambia si kosa lake. Akasema ajua si kosa lake. Mwisho tukapatana: unga nitaupiga jioni nikirudi, alfajiri yeye atatia sukari na kukoroga, nami nguo za kazini zitalala kazini, mikono yenye lastiki, na dera halitavuka mlango wa maabara. Juma zima vitumbua vilitoka bapa. Alihakikisha nimeviona.

Kichupa cha mwisho nilikiyeyusha mwenyewe, msaidizi amesimama nyuma yangu kunihesabia dakika. Ukizigandua seli, nyingi hufa, na zilizo hai huelea kama zimezimia, na hujui lolote mpaka kesho yake, zikishuka chini ya chupa na kushika. Zisiposhika, basi. Sikulala vizuri, sisemi uongo. Asubuhi nikaiweka chupa kwenye darubini, nikafumba macho kwanza kama mtoto. Nilipoyafumbua, zilikuwa zimeshika. Si nyingi. Huku moja, kule mbili zimekumbatiana, lakini zimejinyoosha na zimeshika, nami nikajiona ninafurahia uzima wa kitu kilichotaka kumuua mjomba wangu. Kazi hii hukufanya mtu wa ajabu.

Na walikuwa hai kwa sababu walilala kwenye baridi kamili, nayo baridi kamili aliwawekea mwenye nyumba kwa kitambaa cha maji ya moto. Nilimwambia hivyo. Akasema kwenye simu, "Nimewatengenezea wezi wangu friji," akacheka mpaka akakohoa.

Miezi ikapita, chupa moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Tukatoa vinasaba, vya seli na vya damu, tukavipeleka kusomwa, na majibu yakarudi marefu, safu juu ya safu za herufi. Nilikwenda moja kwa moja mahali nilipopajua. Kwenye uvimbe, herufi moja imebadilika. Kwenye damu, mahali pale pale, herufi ni ile inayotakiwa. Nikatafuta na kwenye jeni nyingine zijulikanazo kurithishwa. Safi. Nikamwita msaidizi atazame. Akatazama. Tukamwita mkuu. Akatazama, akampelekea daktari, na daktari akarudia kipimo cha damu kwake, kwa utaratibu wa hospitali, akapata lile lile. Akamwita mjomba kumpa jibu, na mjomba akamwambia, kwa heshima zote, kwamba angependa kuambiwa na mwana wa dada yake, nyumbani, Ijumaa. Daktari akanipigia, akanipa ruhusa, nadhani alikuwa akitabasamu.

Nikafika baada ya sala. Mjomba yuko sebuleni peke yake, kofia kichwani, hakuna injini wala gazeti mezani. Mdogo wangu yuko jikoni, nasikia kijiko kikigonga sufuria. Mjomba hakuuliza habari za wapangaji. Nikamwambia bila kuzunguka: kosa limo kwenye uvimbe tu, kwenye damu halimo. Lilizuka kichwani mwako, kwenye seli moja, na hukulirithi kwa mtu.

"Na mtoto?"

"Huwezi kumpa usichokuwa nacho. Hukumpa, mjomba."

"Sikumpa."

"Hukumpa."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akavua kofia, akaiweka gotini, akaishika kwa mikono miwili, na machozi yakashuka bila sauti na bila haya. Nikaona si adabu kumkodolea macho, nikaenda jikoni.

Mdogo wangu alikuwa amesikia. Alikuwa amesimama na kijiko mkononi, kinadondosha mchuzi sakafuni. Nikamkumbatia, nikamwambia haya, sasa tutume mtu Likoni, wale watu waambiwe, na yule shangazi na bangili zake aambiwe wa kwanza.

"Shangazi alishapewa jibu," akasema.

"Nani kampa? Majibu ninayo mimi."

"Nilimpa mimi, miezi miwili nyuma. Nilichoka kusubiri. Nilimpigia nikamwambia ni ya kurithi, imethibitishwa, na mimi ninayo."

Nikakaa kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi. Nikamwuliza kwa nini amfanyie mtu hivyo, tena kwa uongo.

"Nilitaka kujua nitakuwa nimeolewa na nani siku ikiwa kweli," akasema. "Shangazi hakupiga tena. Kijana mwenyewe alikuja kesho yake, peke yake, amekaa pale barazani ukingoni mwa kiti. Akasema amefikiri usiku mzima, na ana swali moja. Nikamwambia uliza. Akauliza, tukipata watoto, tutawapeleka wapi wapimwe mapema."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia kwa dada yangu."

Miezi yote ile nilidhani mimi ndiye niliyeshika arusi yake, kwenye kichupa cha mwisho. Nikamwambia sasa amwambie ukweli yule maskini, leo leo. Akasema atamwambia jioni, na kwamba atakasirika, na kwamba akikasirika husahihisha madaftari.

"Kwa hivyo kazi yangu haikuwa na haja," nikasema. Nilisema kwa mzaha, lakini iliniuma kidogo.

"Ilikuwa na haja," akasema. "Wewe huoni tunavyokaa humu."

Kabla sijamwuliza ana maana gani, mjomba akaita kutoka sebuleni. Sauti ilikuwa nzito bado, lakini aliita kwa nguvu, jina la binti yake kwanza.

"Chakula kimeiva? Leteni sinia moja."

Mdogo wangu hakwenda. Alisimama amekishika kile kijiko. Kisha akaniambia, polepole, kwamba toka apasuliwe, baba yake hajala naye. Alijitengea sahani yake, kikombe chake, na kitambaa chake cha mkono, akasema dawa zamtia kichefuchefu, harufu ya chakula cha wengi haiwezi. Akivifua na kuviosha mwenyewe. Mwaka mzima. Mjomba wangu, mtu mzima, niliyemweleza mwenyewe kwamba jambo hili haliambukizi, naye akaitikia kwa kichwa na kusema amefahamu.

"Sinia moja," akaita tena. "Yuko wapi huyu mtoto? Njaa yaniuma."

Mdogo wangu akapakua wali wote.